Bastola ya Zamani Inapogoma: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Tupa

Bastola ya silinda, ile ambayo wengine huiita rivolva, ni mashine ya viungo vichache vinavyotegemeana kwa karibu mno, na kwa sababu hiyo dalili ya ubovu huonekana mara nyingi mbali na mahali ubovu wenyewe ulipo. Silinda isiyozunguka huenda haina kosa lolote, na nyundo inayogonga kwa unyonge huenda ni nzima kabisa. Katika karakana yetu hapa Arusha, ambayo kazi yake kubwa ni bunduki za uwindaji zenye leseni, bastola za zamani huja chache kwa mwaka, lakini karibu kila moja huja ikiwa na jeraha la tupa lililoachwa na mtu aliyekata chuma kabla ya kujua tatizo. Chuma kikishakatwa hakirudi. Mwongozo huu unalenga kumsaidia mmiliki halali, mtunza makumbusho na fundi kijana kufika kwenye chanzo bila kuongeza jeraha jingine.

Bastola zinazoonekana katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro zilifika kwa njia zinazoeleweka. Wajerumani walikuwa na bastola zao za kijeshi za mwaka 1879 na 1883, zenye matundu sita, na Waingereza, ambao majeshi yao yaliingia Moshi na Arusha mwezi Machi 1916, walikuwa na Webley, ambayo toleo lake la kwanza la kijeshi lilikubaliwa mwaka 1887 na toleo la sita mwaka 1915. Baadaye ikaja Enfield ya mwaka 1932, iliyo nyepesi zaidi na yenye risasi ndogo zaidi. Nitatumia hizi kama mifano, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu kwa mikono.

Kabla ya bisibisi

Nchini Tanzania, umiliki na utengenezaji wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu aliyerithi bastola asijipe mwenyewe uamuzi kwamba uzee umeigeuza kuwa pambo. Aliyeikuta kwenye sanduku la marehemu, bila karatasi yoyote, hatua yake ya kwanza ni kutoa taarifa kituo cha polisi, na asimtafute fundi wala asiibebe kwenye mkoba hadi mjini kabla ya kupewa maelekezo. Nasi hatupokei silaha isiyo na nyaraka, hata kama anayeileta ni jirani au mtu tunayemheshimu. Kazi ninayoieleza hapa chini inafanywa katika karakana yenye kibali. Mmiliki anapaswa kuielewa ili ajue anachokiagiza na aweze kumzuia fundi anayetaka kuharibu, wala si ili aifanye mwenyewe mezani nyumbani.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba bastola haina kitu ndani. Fungua silinda, tazama matundu yote kwa macho, kisha yapitishie kijiti cha mbao moja baada ya jingine, kwa kuwa ganda la zamani lililoshika kutu linaweza kufanana na chuma cha silinda yenyewe. Risasi ya zamani iliyokwama isipigwe, isichomwe moto wala isilowekwe kwenye mafuta kwa matumaini kwamba imekufa. Iache kama ilivyo na uwaite polisi.

Jambo la tatu ni usafi, na hapa ndipo nusu ya matatizo yanapokwisha. Mzee mmoja wa Marangu alituletea Webley ya baba yake, yenye leseni iliyohuishwa kila ilipohitajika, akiwa na hakika kwamba kamani imevunjika kwa sababu nyundo ilirudi polepole kama mtu anayetoka usingizini. Tulipoifungua tukakuta viungo vyote vizima, vimefunikwa na utando wa kahawia mgumu kama gundi. Kwa miaka mingi bastola ile ilikuwa ikipakwa mafuta ya kupikia, na mafuta ya mimea yakikaa hewani huganda. Tuliiloweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, tukaipiga brashi laini, tukaikausha na kuweka matone machache ya mafuta ya cherehani, na kazi ikaishia hapo. Kwa hiyo mtu asitangaze kwamba kiungo kimevunjika kabla ya kukiona kikiwa safi.

Viungo na majina yake

Nyundo ni kile kiungo cha nyuma kinachovutwa kwa dole gumba. Kifyatulio, ambacho mafundi wengi hukiita triga, ndicho kinachovutwa kwa kidole cha shahada. Ndani ya fremu kuna kipande chembamba kilichounganishwa na nyundo au na triga, kulingana na aina ya bastola, ambacho hupanda juu na kusukuma meno yaliyo nyuma ya silinda ili izunguke tundu moja; katika karakana yetu tunakiita kidole. Kuna kizuizi, ambacho huingia kwenye vishimo vilivyochongwa ubavuni mwa silinda na kuishikilia isicheze. Na kuna kamani, yaani springi kuu inayoipa nyundo nguvu, ambayo katika bastola nyingi za zamani ni bapa la feleji lililokunjwa kama herufi V. Nyundo inapovutwa, kazi hizi hufuatana kwa mpangilio: kizuizi hushuka, kidole husukuma, kizuizi hupanda tena na kuingia kwenye kishimo kinachofuata, ndipo nyundo hukaa kwenye pengo lake, yaani mkato mdogo ambamo ncha ya triga huingia na kuishikilia ikiwa imevutwa. Ubovu mwingi wa bastola hizi ni kuharibika kwa mpangilio huo, na kiungo kinachouharibu ni mara chache kile ambacho jicho hukilaumu kwanza.

Silinda haizunguki, au inaishia njiani

Dalili hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na vyanzo vyake ni vingi kiasi kwamba inafaa kuvichambua kwa utulivu.

Kwanza uliza: inagoma kwenye matundu yote au kwenye tundu moja tu? Weka alama ya chaki kwenye tundu mojawapo, kisha vuta nyundo polepole, ukihesabu, mizunguko miwili kamili. Ikiwa silinda inaishia njiani kwenye matundu yote sita, mshukiwa ni kidole, kwa kuwa ndicho kinachofanya kazi kila mara. Ikiwa inaishia njiani kwenye tundu moja lile lile kila inapofika, kidole hakina hatia, kwa sababu kidole kifupi kingekuwa kifupi kwa yote. Hapo tazama jino moja la nyuma ya silinda, ambalo utalikuta limelika au limepigwa. Nimeona kidole kipya kabisa kikitengenezwa kwa ajili ya silinda yenye jino moja bovu, na matokeo yake yakawa kwamba tundu bovu lilipona na matano mazima yakaanza kusukumwa kupita kiasi.

Pili, jaribu kuinamisha. Elekeza mtutu chini na uvute nyundo, kisha elekeza mtutu juu na uvute tena. Ikiwa silinda inazunguka vizuri mtutu ukiwa chini na haizunguki kabisa mtutu ukiwa juu, springi ndogo inayokibana kidole dhidi ya meno imevunjika au imelegea. Mtutu ukiwa chini, uzito wa kidole chenyewe hukiangusha mbele kwenye meno; mtutu ukiwa juu, kidole huanguka nyuma na hakishiki kitu. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote na halijawahi kunidanganya, ilimradi ndani kuwe safi.

Tatu, angalia ugumu. Silinda inayozunguka kwa urahisi nusu ya kwanza na kuwa nzito nusu ya pili, kisha ikalainika tena, ina mhimili uliopinda, na hilo hutokea bastola inapoangushwa ikiwa wazi. Silinda iliyo nzito sawasawa katika mzunguko wote ina uchafu mbele, mahali inapokaribiana na mtutu, au ina uchafu chini ya nyota ya kutolea maganda, kile kipande cha nyuma ya silinda kinachosukuma maganda nje. Hiyo ya mwisho husahaulika sana: punje chache za mchanga zikikaa chini ya nyota huiinua kidogo, nayo nyota hubana fremu kwa nyuma, mmiliki akaamini kwamba silinda imevimba. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga na huingia hata kwenye mfuko uliofungwa, kwa hiyo inua nyota na upige brashi chini yake kabla ya kufikiria jambo lolote zito. Katika bastola za Kimarekani za Smith & Wesson ambazo silinda hufunguka kwa ubavuni, kuna chanzo kingine: fimbo ya kutolea maganda hujifungua taratibu kutoka kwenye uzi wake, hurefuka, na silinda hukataa kufunguka. Hiyo huondoka kwa kukaza fimbo, wala hakuna kilichovunjika.

Kutengeneza kidole kipya

Ikithibitika kwamba kidole kimechakaa, kuna njia ya mkato ambayo mafundi wa zamani waliitumia: kukigonga kwa nyundo ndogo ili kirefuke kidogo. Siipendi. Chuma kilichogongwa huwa chembamba na kigumu mahali pamoja, kikafanya kazi kwa muda kisha kikavunjika, na sasa mmiliki hana hata kile cha asili cha kupimia. Napendelea kukihifadhi cha zamani kama kilivyo na kuchonga kipya.

Kipya kichongwe kutoka kwenye feleji ya kaboni, kwa unene ule ule wa cha zamani uliopimwa kwa vernia mahali ambapo hapajalika, yaani karibu na pini. Urefu uachwe makusudi ukiwa umezidi. Kisha kazi ni kupunguza ncha kidogo kidogo, ukikirudisha ndani na kujaribu matundu yote baada ya kila mara mbili au tatu za tupa laini. Ili kujua kinapogusa, pitisha ncha juu ya mwali wa mshumaa mpaka ishike masizi, unganisha tena bastola na uvute nyundo mara moja. Mahali masizi yalipofutika ndipo mgusano ulipo. Lengo ni kwamba kizuizi kiingie kwenye kishimo kabla tu ya nyundo kukaa kwenye pengo lake, kwa tundu lililo gumu kuliko yote. Ukiridhika na tundu jepesi zaidi, lile gumu litabaki nyuma.

Kanuni moja haina msamaha katika hatua hii: tupa huguswa kwenye kipande kipya tu. Silinda, fremu na meno ya asili haviguswi. Kipande kipya kikiharibika, umepoteza nusu siku na kipande cha feleji, lakini ukikata meno ya silinda ya mwaka 1915 ili yalingane na kidole ulichochonga vibaya, hakuna duka la hapa wala la ughaibuni litakalokurudishia kwa urahisi.

Silinda inapita kiasi au inacheza

Hapa silinda inazunguka, lakini haisimami inapotakiwa, au inasimama na bado inatikisika kwa mkono. Ukivuta nyundo polepole inafunga vizuri, ukivuta haraka inapita: kizuizi hakirudi kwa kasi ya kutosha, na mara nyingi springi yake imechoka au njia yake ina uchafu. Ukivuta polepole huku ukiigusa silinda kwa kidole cha mkono wako kama breki, nayo ikakataa kufika: rudi kwenye sehemu ya kidole kifupi. Ikiwa inafika na kufunga lakini inatikisika, tazama vishimo. Vishimo vilivyopanuka, vyenye ukingo uliopinda kuelekea upande mmoja, ni ushahidi kwamba mtu aliipenda bastola hii kwa kuvuta nyundo haraka, na kila mara silinda nzito ikasimamishwa kwa ghafla na kipande kidogo cha chuma.

Kupima kama tundu limelingana na mtutu, tumia kijiti cha mbao kilichonyooka kinachopita kwenye mtutu bila kulegea. Bastola ikiwa tupu na nyundo ikiwa imevutwa, kiingize kutoka mbele mpaka kifike kwenye tundu la silinda. Kikiingia bila kugusa ukingo kwenye matundu yote, mpangilio ni mzuri. Kikigota kwenye ukingo wa tundu fulani, andika ni lipi. Kizuizi kipya kilichochongwa kipana kidogo kuliko cha zamani kinaweza kuondoa mtikisiko mwingi, lakini vishimo vilivyopanuka vibaya viachwe. Nimeshaombwa kuvijaza kwa kulehemu. Joto la kulehemu kwenye ukuta mwembamba wa silinda hubadilisha chuma chenyewe, na bastola hutoka ikiwa na sura nzuri na ubovu mkubwa kuliko iliokuja nao.

Kuna dalili moja ya Webley inayowatisha watu bila sababu ya uchakavu: nafasi kubwa isiyo ya kawaida kati ya nyuma ya silinda na fremu. Bastola nyingi za toleo la sita ziliuzwa Marekani baada ya vita, na huko nyuma ya silinda zilikatwa ili zikubali risasi za bastola za kijeshi za Kimarekani za inchi 0.45, zilizokuwa rahisi kupatikana. Silinda kama hiyo haijalika, imekatwa, na hakuna kiungo cha kubadilisha kitakachoijaza nafasi hiyo isipokuwa silinda nyingine. Ijulikane pia kwamba risasi hizo zina msukumo mkubwa kuliko ule ambao bastola ilitengenezewa.

Nyundo haikai ikivutwa

Kabla ya yote, hakikisha kwamba iliundwa kukaa. Enfield ya toleo lililotoka mwaka 1938 ilitengenezwa makusudi bila kishikio cha juu cha nyundo na bila pengo la kuishikilia, ili ifanye kazi kwa kuvuta triga pekee. Niliwahi kuletewa moja na mtu aliyekwisha kulipa sehemu mbili tofauti ili “itengenezwe”. Vivyo hivyo, bastola za kijeshi za Kijerumani nilizozitaja hazina kifaa cha kutolea maganda kwenye mwili wake. Kutokuwepo kwake si hasara, ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Ikiwa pengo lilikuwepo na sasa halishiki, sababu ni mbili: ncha ya triga imevunjika au ukingo wa pengo umelika. Sehemu hizi mbili hukutana kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa mtoto, na usalama wote wa bastola hukaa juu ya eneo hilo. Katika silaha nyingi za zama zile, ugumu wa chuma uko kwenye ngozi ya juu tu, na chini yake chuma ni laini. Fundi anayenoa pengo kwa tupa huondoa ngozi ile, nyundo hukaa vizuri siku ya kwanza, na baada ya muda ukingo laini huporomoka na nyundo huanguka yenyewe. Hii ndiyo kazi ambayo karakana yetu haiifanyi kwa kunoa. Triga iliyovunjika ncha tunaichongea nyingine nzima. Pengo lililolika linahitaji nyundo nyingine, na isipopatikana, tunamwambia mmiliki waziwazi kwamba bastola itabaki ya kutazamwa.

Nyundo ni dhaifu, au haina nguvu kabisa

Nyundo inayolegea ghafla, baada ya mlio mkavu uliosikika ndani ya mpini, ina kamani iliyovunjika. Nyundo iliyodhoofika taratibu kwa miaka ina kamani iliyochoka, au mafuta yaliyoganda, au skrubu iliyolegea. Hiyo skrubu inafaa kutazamwa kwanza: bastola za Smith & Wesson zina kamani bapa ndefu inayokazwa na skrubu ndogo mbele ya mpini, na zamu moja tu ya kulegea hutosha kuifanya nyundo iwe butu. Katika Webley, kamani ya V hufanya kazi zaidi ya moja, kwa kuwa kupitia mkono mdogo wa kusaidia huirudisha triga na huivuta nyundo nyuma kidogo baada ya kugonga. Kwa hiyo triga isiyorudi mbele, katika bastola hiyo, ni dalili ya kamani au ya mkono wake, na anayetafuta springi ya triga peke yake atatafuta kitu ambacho hakipo.

Kamani ya V huvunjika karibu kila mara kwenye mkunjo, na ukiitazama sehemu iliyokatika kwa lenzi utaona historia yake. Uso wote ukiwa wa kijivu na punje punje, imekatika kwa mara moja. Sehemu ya uso ikiwa nyeusi au ya kahawia na sehemu nyingine ikiwa safi, ufa ulianza zamani, kutu ikaingia ndani yake, na iliyobaki ikamalizika siku ile. Aina ya pili ndiyo tunayoikuta zaidi kwenye bastola zilizohifadhiwa ndani ya mkoba wa ngozi, hasa kutoka miteremko ya mlima ambako ukungu haukauki mapema. Ngozi huvuta unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Mkoba uhifadhiwe kando na bastola.

Kamani haiunganishwi kwa kulehemu, hutengenezwa nyingine. Feleji ya msumeno wa zamani wa mbao ulio mnene ni nzuri, mradi iwe ya kaboni. Majani ya springi za magari ni chuma kizuri pia lakini ni mazito, na kazi ya kuyapunguza ni ndefu. Bapa hupashwa moto mpaka liwe jekundu kabla ya kukunjwa, kwa kuwa likikunjwa baridi hupata nyufa zisizoonekana. Kisha huchongwa, na hapa mwelekeo wa tupa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: mistari ya tupa na ya msasa ifuate urefu wa kamani. Mkwaruzo unaokatiza upana ni mwanzo wa ufa, na kamani itakatika mahali pale pale. Mwisho isuguliwe mpaka ing’ae, pande zote, hata ndani ya mkunjo ambako ni shida kufika.

Kuipa kamani ugumu unaofaa ni kazi ya moto mara mbili. Mara ya kwanza hupashwa mpaka isishikwe tena na sumaku, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, kisha kidogo zaidi, na kuchovywa kwenye mafuta ya uvuguvugu. Ikitoka hapo ni ngumu kama glasi na itavunjika ukiiminya. Mara ya pili isuguliwe tena, ipashwe polepole na kwa usawa mpaka rangi yake ipite manjano, kahawia na zambarau, ifike bluu, karibu na nyuzi 300. Ikisimama kwenye zambarau itakuwa ngumu mno. Ikipita bluu na kurudi kijivu italegea. Mimi hufanya hatua hii asubuhi kivulini, kwa kuwa jua la saa sita hudanganya macho na rangi ya bluu haionekani mpaka imeshapita. Kamani mpya ibanwe kwenye jiliwa taratibu, mara kadhaa, kabla ya kuingizwa ndani, na ivaliwe miwani ya kinga muda wote.

Fremu haifungi vizuri

Webley na Enfield hukunjika katikati, na hushikwa juu na kufuli lenye umbo la kikuku cha farasi. Ishike kwa mpini, utikise mtutu taratibu: ukisikia mchezo juu, kufuli au springi yake imechoka, ukisikia mchezo chini, bawaba ndiyo imelika. Springi ya kufuli hutengenezwa kama nilivyoeleza. Bawaba iliyolika huhitaji pini nene kidogo, na kazi hiyo isifanywe na mtu asiye na mashine sahihi ya kutoboa.

Skrubu na kutu

Skrubu iliyopotea isizibwe na skrubu yoyote ya dukani inayokaribia kuingia. Uzi wa Whitworth wa Uingereza una pembe ya nyuzi 55, na wa milimita unaouzwa madukani kwetu una nyuzi 60. Ukilazimisha, skrubu itaingia zamu mbili kisha italiharibu tundu la fremu, na fremu ndicho kiungo pekee kisicho na mbadala. Chonga skrubu mpya kwa kipimo cha tundu. Bisibisi nayo inolewe ilingane na mfereji wa skrubu kwa upana na unene, kwani bisibisi nyembamba ndiyo inayotafuna vichwa.

Kutu nyekundu iondolewe kwa mafuta na kipande cha shaba au kwa sufu laini ya chuma, kwa uvumilivu. Ndimu, siki na soda hula kutu na chuma pamoja. Mashine ya kung’arisha, ambayo wamiliki wengi huiomba kwa sababu wanataka bastola ya babu ing’ae, hufuta alama za majaribio, zilizogongwa silaha ilipopimwa uimara, na kuzungusha kingo zilizokuwa kali. Namba za silaha haziguswi kabisa, hata kwa msasa laini, kwa sababu ndizo zinazoiunganisha silaha na leseni yake. Vipande vya mpini vya Webley vilikuwa vya mpira mgumu mweusi, na vikivunjika mpingo huvirithi vizuri sana. Mwonekano wake unakaribiana na wa asili, na wachongaji wetu wanaujua mti huo.

Bastola inapoondoka karakanani

Bastola iliyotengenezwa kwa namna hii imerejeshewa mwendo wake ili ieleweke na ihifadhiwe. Haijathibitishwa kwa risasi, na huwa naandika hivyo kwenye karatasi ya kazi. Uzima wa kamani na kidole hausemi lolote kuhusu nyufa ndani ya silinda. Kamani isiachwe imevutwa: nyundo ishushwe taratibu bastola ikiwa tupu, ipakwe mafuta membamba, ifungwe kwenye kitambaa cha pamba kilichokauka, na ikaguliwe mwanzo na mwisho wa masika.

Kiungo cha zamani, hata kikiwa vipande viwili, hutiwa kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye namba ya silaha, tarehe, vipimo vya kipande kipya na maelezo ya dalili iliyokileta. Bahasha hiyo humfuata mmiliki, na nakala ya karatasi hubaki kwetu. Kwenye Webley ya mwisho kupita hapa, bahasha ilikuwa na vidole viwili: cha kiwandani, kilichogongwa na kurefushwa na mkono wa mtu tusiyemjua, na kingine kilichochongwa kienyeji ambacho hakikuwahi kuenea. Cha kwanza, karibu na pini ambako nyundo ya mtu huyo haikufika, ndicho kilichonipa unene sahihi wa cha tatu.